Magari Mawili Yaliyosimama

Gari la baba halikujua kuwaka lenyewe. Alikuwa amelinunua kwa mkulima mmoja wa kizungu wa Mau Narok aliyekuwa anafunga virago arudi kwao, na alilinunua pamoja na harufu ya mbwa, maana viti vya nyuma vilikuwa vimelaliwa na mbwa miaka mingi. Mama alivisugua kwa sabuni na maji ya moto, akaacha milango wazi kutwa nzima, lakini jua likipanda kidogo tu mbwa walirudi. Betri nayo ilikuwa imekufa, ila baba hakutaka kuizika. Nyumbani hilo halikuwa tatizo, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa juu kidogo, na gari liliteremka lenyewe mpaka likaamka. Tatizo lilikuwa kanisani.

Kanisani baba aliegesha pua ya gari ikielekea ua wa michongoma. Ili atoke ilikuwa lazima lirudi nyuma, na ili lirudi nyuma ilikuwa lazima lisukumwe. Basi kila Jumapili baada ya baraka akina mama walijifunga shuka kiunoni, wakaweka mikono juu ya boneti, wakainamisha vichwa, wakasukuma huku wakiimba. Baba alitia gia ya nyuma na kuachia klachi, gari likakohoa, likashika. Kisha aliwapungia mkono dirishani kana kwamba ameliwasha mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiona aibu kila Jumapili, lakini ilikuwa aibu ndogo, ya kuzoeleka, na ilikuwa inaisha tukifika nyumbani.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakaribia kwisha. Baba alikuwa na mashine ya kusaga unga katika mtaa wetu pale Nakuru, tena alikuwa mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa nikifundisha watoto wa darasa la kwanza, na nilikuwa nimechumbiwa na kijana mmoja wa Njoro, karani wa ghala la nafaka. Alikuwa na shingo ndefu na adabu nyingi. Adabu hiyo ndiyo iliyonivutia, kwa kuwa nyumbani kwetu watu walipenda kubishana. Baba yake alinunua viazi huko Kuresoi na Mau Narok, akavileta mjini kwa pikapu kuukuu. Naye alikuwa mzee wa kanisa, huko kwao.

Kilichobaki ilikuwa siku ya uji. Kwetu msichana haulizwi kama anampenda mtu. Anaulizwa kama wazee wanywe. Zamani ilikuwa pombe, lakini sisi watu wa kanisa tulikuwa tumeigeuza kuwa uji uliochacha. Wageni wanakuja, msichana anapewa kibuyu, anaonja, kisha anaulizwa mbele ya pande zote mbili: tunywe? Akisema kunyweni, ameolewa. Yanayobaki ni nguo na keki. Siku yangu ilikuwa imeshapangwa, na nilikuwa nikihesabu usiku kitandani kama mtoto anayengoja Krismasi.

Kabla ya siku hiyo, baba yake kijana aliona ni vizuri waje kusali nasi Jumapili moja. Walikuja na pikapu. Wakaiegesha upande wa pili wa uwanja, pua ikielekea ukuta wa kanisa, kwa sababu nayo ilikuwa na betri ya aina ile ile. Mama alikuwa amepika nyama tangu alfajiri, akaifungia kwenye sufuria kubwa, akaiweka ndani ya buti, sanduku la nyuma la gari letu, ili baada ya ibada twende kula kwa dada yake baba, aliyekuwa na sebule kubwa kuliko yetu.

Ibada ilipokwisha lilizuka jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwa mdomo: nani atangulie kutoka. Baba alifikiri mwenyeji hutangulia ili amwonyeshe mgeni njia. Baba yake kijana alifikiri mgeni ndiye hupishwa. Walikuwa wazee wawili, kila mmoja na kofia yake na gari lake, na fahali wawili hawakai zizi moja. Waliagana kwa heshima nyingi mno, kisha kila mmoja akaenda haraka kwenye gari lake. Mzee wa mlango, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya uwanja na kuinua mkono, alikuwa bado ndani anakusanya vitabu vya nyimbo. Akina mama wakashika boneti yetu. Vijana wakashika ya pikapu. Hawa wakaimba, wale wakapiga mluzi, na wote wakainamisha vichwa.

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, kwa sababu msichana aliyechumbiwa hasukumi gari mbele ya wakwe. Niligeuka nikatazama nje kupitia kioo cha nyuma. Mchumba wangu alikuwa ameketi nyuma, ndani ya pikapu, juu ya gunia lililokunjwa ili suruali isichafuke, naye alikuwa ameelekea kwetu. Hatukuwa tumewahi kutazamana hivyo. Siku zote palikuwa na shangazi katikati. Sasa hapakuwa na mtu, ni kioo tu, na uso wake ulikuwa unakuwa mkubwa. Niliona hata mahali wembe ulipomkata kidevuni. Alitabasamu, nami nikatabasamu. Nilijua magari yanakaribiana, lakini nilidhani yatasimama, kwa sababu Jumapili zote gari letu lilikuwa likisimama.

Bati lilipiga kelele ambayo ilisikika mpaka barabarani. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mimi niliyepigwa paji la uso na kiti. Bampa la pikapu lilipinda kidogo. Buti la gari letu liliingia ndani, likajifunga, na sufuria ya mama ikabaki humo.

Baba alishuka, akatazama, akasema maneno ambayo baadaye yalinifanya nitamani ardhi inimeze.

"Mimi nilikuwa nimesimama."

Baba yake kijana naye alikuwa ameshashuka. "Ati ulikuwa umesimama? Mimi ndiye nilikuwa nimesimama, mzee."

Polisi hakuna aliyewataja. Siku hizo mtu mweusi hakwenda kituoni kwa hiari yake. Ungefika na gari lililobonyea, ukaulizwa kipande, kitambulisho cha mkoloni, ukaulizwa watu wote wale walikusanyika kufanya nini. Mchungaji akasema jambo litasikilizwa kanisani Jumapili inayofuata, na mpaka liishe, habari ya uji isitajwe. Pikapu ikasukumwa tena, ikaenda Njoro. Baba akakataa gari lake liguswe. Aliyemgonga ndiye atakayeliondoa, alisema. Tukatembea kwenda kwa shangazi, tukala sukumawiki.

Gari likakaa uwanjani wiki nzima, katika jua, na nyama ndani ya buti. Kufikia Ijumaa watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanazunguka mbali kulikwepa. Mama alimwomba baba avunje buti. Baba akasema ukivunja umeharibu ushahidi.

Jumapili ile hakuna aliyeondoka baada ya baraka. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na harufu ya nyama iliingia ikakaa nasi. Mchungaji aliweka kiti katikati, akawaita wazee wawili wasimame.

"Mzee, tuambie wewe kwanza," alimwambia baba.

"Gari yangu ilikuwa imesimama kabisa. Ndiyo huyu bwana akaja akanigonga."

"Na wewe, mzee?"

"Hata mimi nilikuwa nimesimama, Mchungaji. Nilisikia tu kishindo."

Mchungaji alijipangusa uso. "Kwa hivyo gari mbili zilikuwa zimesimama, halafu zikagongana."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji akamwita mama mmoja mnene, kiongozi wa akina mama, ambaye kila Jumapili ndiye alikuwa akianzisha wimbo wa kusukuma.

"Mama, ni nyinyi mlikuwa mnasukuma. Gari ilikuwa inaenda, ama ilikuwa imesimama?"

"Sisi tulikuwa tumeangalia chini, Mchungaji."

"Lakini mikono ilikuwa kwa gari."

"Mikono ilikuwa kwa gari."

"Sasa ilikuwa inaenda?"

Yule mama alimtazama baba, kisha akatazama vidole vyake mwenyewe. "Mzee amesema ilikuwa imesimama," akasema, akaketi.

Wakaulizwa wengine. Wote walikuwa wameangalia chini. Vijana waliosukuma pikapu nao walikuwa wameangalia chini. Kanisa zima lilikuwa limelisukuma gari la baba kwa mikono yake lenyewe, na kanisa zima likanyamaza, kwa sababu kusema limetembea ni kumwita mzee mwongo mbele ya watu. Mama yangu mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosukuma. Alirekebisha kitambaa chake kichwani, akakirekebisha tena. Nilimtazama baba akiwa amesimama pale, kifua mbele, akingoja heshima yake ifanye kazi, na ilikuwa inafanya. Nilimwonea aibu mpaka masikio yakawaka. Wale ndio waliokuwa wakimsukuma kila Jumapili bila kuombwa, na sasa alikuwa anawalazimisha wamsukume na hapa pia.

Sikupanga kusimama. Miguu ilisimama, nami nikajikuta juu yake.

"Mchungaji, gari yetu ilikuwa inaenda. Na ile yao ilikuwa inaenda. Zote mbili."

Baba hakugeuka.

"Wewe ulionaje, msichana wangu?" Mchungaji aliuliza.

"Nilikuwa nimeangalia nyuma."

"Ukiangalia nini?"

Lilikuwa swali la haki. Hata hivyo lilinikuta sina nguo ya kujifunika. Msichana wa nyumba ya mzee wa kanisa hasimami mbele ya madhabahu akasema alikuwa akimkodolea mwanamume macho. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Nilikuwa nikimwangalia yeye," nikasema, nikamwonyesha kwa kidevu. "Na yeye alikuwa ananiangalia. Ndiyo maana tuliona."

Akina mama walikohoa nyuma ya vitabu vya nyimbo. Nyuma kabisa mtu alicheka, akanyamazishwa. Nilisimama nikingoja. Sikuwa na hofu kubwa, kwa sababu nilijua sasa mchumba wangu atasimama. Tungekuwa wawili, na aibu ya watu wawili hubebeka.

Mchungaji alimwita. Alisimama taratibu, shingo yake ndefu ikiwa imenyooka, akamtazama baba yake kwanza.

"Kijana, ni kweli?"

"Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, Mchungaji."

"Hukumwona msichana?"

"Hapana."

"Na gari yenu?"

"Ilikuwa imesimama."

Sasa akina mama hawakukohoa tena. Wakacheka waziwazi, si kwa ubaya, lakini walicheka. Nilikuwa nimebaki peke yangu, msichana aliyemtazama mwanamume akifunga viatu na kudhani anatazamwa. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile mikono yangu hutafuta kitu cha kushika.

Mchungaji alitutazama mmoja mmoja. Nafikiri alijua, kwani hakuwa mjinga. Akasema, "Nyumba moja imekubali gari yake ilikuwa inaenda. Nyumba ya pili haijakubali, na mimi siwezi kumkubalia mtu. Aliyekubali ndiye ataomba msamaha."

Kwa hiyo kosa likawa letu lote, na ni mimi niliyelileta nyumbani. Baba alivua kofia. Niliona katikati ya kichwa chake, mahali nywele zilipokuwa zimeanza kuondoka, jambo ambalo hakupenda watu walione. Akasema, "Nimekosa," akampa yule mzee mkono. Yule mzee akaupokea kwa furaha ya mtu aliyeshinda, akasema basi yameisha, siku ya uji ibaki pale pale ilipokuwa. Nje, wanaume walivunja buti kwa mtaimbo. Mama akaibeba sufuria yake kwenda kuitupa, uso ameugeuzia pembeni, na kila aliyekutana naye alijua ni nini.

Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa siku kadhaa akinipita kama kiti. Nilimpelekea chai kwenye mashine ya kusaga kila jioni, akaipokea bila kuniangalia. Niliona haya hata kula mbele yake. Siku moja alizima mashine, akajikung'uta unga kwenye mikono, akasema bila utangulizi:

"Huyo kijana alikuona?"

"Aliniona, baba."

"Hakuwa anafunga kiatu."

"Alicheka na mimi. Nilimwona mpaka mahali amejikata na wembe."

Akanywa chai. "Mimi nilidanganya kwa sababu ya gari na kofia yangu. Ni upumbavu, lakini unaweza kuujua ni wa nini. Yeye amekuacha umesimama pale peke yako kwa sababu gani?"

Nilimtetea hata hivyo. Nilisema alikuwa anamheshimu baba yake.

"Wewe hukuniheshimu?" aliuliza, na lilikuwa swali la kweli, si la kunitega. Kisha akaiwasha mashine, na kwa kelele ile hatukuweza kuongea tena.

Siku ya uji ilifika. Sikulala usiku uliotangulia. Nilikuwa bado nampenda, hilo nalisema bila kuzunguka. Nilijiambia kamba ya kiatu ni kitu kidogo, kwamba watu wengi wameoana na mambo mabaya zaidi yakiwa katikati yao. Wageni walikuja wengi, wakaegesha pikapu chini, kwenye uwanja wa mashine, pua ikielekea ukuta. Waliketi, wakasifu nyumba, wakasifu hali ya hewa. Safari hii kijana ndiye aliyekuwa ameendesha, baba yake akiwa amevaa koti jipya. Alinisalimia kwa adabu.

Nikaletewa kibuyu. Nikaonja. Baba mkubwa, kaka yake baba, akauliza kama inavyoulizwa: "Msichana wetu, tunywe?"

"Kabla hamjanywa," nikasema, "nataka kumuuliza jambo moja." Nikamgeukia mchumba wangu. "Ile Jumapili, gari yenu ilikuwa inaenda?"

Shangazi yangu alinivuta sketi kwa nyuma. Baba yake kijana akatabasamu kwa meno tu. "Hayo maneno yaliisha kanisani, msichana."

"Ninamuuliza yeye, baba."

Ningeridhika na neno moja. Hata kutikisa kichwa kukubali kungetosha, na tungekunywa. Alimtazama baba yake. Halafu akatazama viatu vyake, ambavyo kamba zake zilikuwa zimefungwa vizuri sana, akaendelea kuvitazama.

"Msinywe," nikasema.

Baba mkubwa akauliza tena, kwa kuwa msichana huweza kuona haya. Sauti yangu haikutoka vizuri mara ya pili, lakini ilitoka. "Msinywe, baba."

Wageni hawakupiga kelele. Walisimama, wakatafuta kofia zao, wakatushukuru kwa makaribisho. Mama alikuwa analia jikoni. Walishuka mpaka kwenye uwanja wa mashine, wakapanda, na ndipo sote tulipokumbuka kwa pamoja, wao na sisi, kwamba pikapu haiwaki.

Hakuna mtu wa kwetu anayemwacha mgeni njiani. Shangazi zangu walijifunga shuka. Baba mkubwa alivua koti. Mama alitoka jikoni akiwa amejifuta macho. Tukashuka, tukaweka mikono juu ya boneti, na mimi nikaweka yangu, kwa sababu sikuwa tena msichana aliyechumbiwa na hakukuwa na cha kunizuia. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Watu wote waliinamisha vichwa isipokuwa mimi. Yeye alikuwa nyuma ya usukani, baba yake ubavuni, na kati yetu kilikuwa kioo tu, umbali wa meza ya kulia. Alikuwa ananitazama. Safari hii pia alikuwa ananitazama, na mara hii asingeweza kusema hakuniona.

Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Baba hakuwa kwenye boneti. Alikuwa ameshuka mbele yetu sote, akazunguka, akasimama nyuma kule inakokwenda, katikati ya uwanja, ameinua mkono.

"Rudi," alisema. "Rudi tu, hakuna kitu. Pole pole." Kisha, kwa kuwa gari lilikuwa linakuja na dereva bado uso umeelekea kwangu, akaita kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mtoto wa mtu: "Kijana, angalia nyuma."

Kijana akageuza uso.